Mhariri, Wapakistani wa Oman si wageni wa juzi

Mhariri assalaam alaykum.

Nakuandikia kutoka Ruwi, Muscat. Naomba uniwekee barua yangu hata ikiwa ndefu, maana ile barua mliyoichapa ya msomaji wenu kuhusu kazi za Oman imeshazunguka magrupu yetu yote ya Wasapu huku, watu wanampongeza, mie nimeisoma mara ya pili nikaona hapana, hii haifai kuachwa ipite hivi hivi. Anasema Wapakistani wamejaa Oman, wanashusha mishahara, na kwamba serikali ya huku ingekuwa na akili ingewarudisha kwao ili nafasi zao wapewe watoto wa Zanzibar kwa sababu sisi ni damu moja na Waomani. Hapo kwenye damu ndo nilipokwama.

Mie ni mtoto wa Unguja, nna mjomba wangu Seeb mwenye pasi ya Oman na jina la kabila refu kabisa, na mie mtoto wa dada yake nna bataka ya kazi, yani kitambulisho cha mgeni mfanyakazi, kama Mpakistani yoyote. Polisi akinisimamisha haniulizi bibi yangu kazaliwa Nizwa au Bububu, anataka bataka, na ikiwa imeisha muda hiyo damu haitonitoa kituoni. Kwa hiyo hoja yenyewe nyepesi. Lakini haya tuikubali, tuseme anaestahili kazi Oman ni yule mwenye damu na historia na nchi hii, basi tuulizane na sisi kwa sisi bila kuoneana haya, hivi wa mwanzo ni nani? Maana ukienda kwa historia huyo Mpakistani unaetaka arudishwe kwao anaweza akakutangulia.

Wapakistani wengi wa huku, sisemi wote, ni Mabulushi, kabila la Wabaluchi, wa Makran, yani ule mwambao unaotazamana na Oman ng'ambo ya bahari, miji kama Gwadar, Pasni, na Turbat iliyo ndani kidogo. Kutoka Gwadar kuja Muscat ukipiga mstari ni kama kilomita 400, Karachi ambayo imo ndani ya nchi yao wenyewe iko mbali kuliko hivyo. Na Gwadar ilikuwa ya Oman. Sio kwamba ilikuwa jirani au inafanya biashara na Oman, nasema ilikuwa ya Sultani wa Muscat, anaweka liwali wake na anachukua ushuru wake. Mwaka 1783 Seyyid Sultan bin Ahmed alikorofishana na ndugu zake kwenye mambo ya utawala akakimbilia Makran, Khan wa Kalat, mtawala wa Mabulushi, akampa Gwadar ajistiri, baadae akarudi akawa mtawala wa Muscat na Gwadar akabaki nayo. Na huyu Sultan bin Ahmed, kwa wasiomjua, ndo baba yake Seyyid Said, huyo huyo Seyyid Said wa Unguja na mikarafuu. Sasa nyinyi mnaojivunia Seyyid Said mkajiita damu ya Oman, jueni baba yake kabla hajawa kitu alihifadhiwa na hao hao Mabulushi.

Wakaendelea hivyo mpaka 1958. Pakistan wakati huo ilikuwa na miaka 11 tu tangu iwe nchi, waziri mkuu wake Feroz Khan Noon akaitaka Gwadar, mazungumzo yakapita kwa Waingereza mpaka kwa Sultani Said bin Taimur babake Qaboos, na mji ukauzwa kwa pauni milioni 3. Tarehe 8 Disemba 1958 Pakistan wakakabidhiwa, mji na bahari yake na watu wake. Mbulushi mmoja wa huko ninaefanya nae kazi stoo ndo alienihadithia habari hii kwa mara ya mwanzo, nilidhani ananitania, nikaenda kutafuta nikakuta kweli. Anasema babu yake hakuhama nyumba hata siku moja lakini alizaliwa raia wa Sultani akafa Mpakistani. Mdogo wake babu alikuwa askari Muscat mwaka ule wa mauzo, akabaki huku, leo wajukuu zake ni Waomani, mmoja yuko wizarani ana gari zuri na nyumba Al Khoud. Huyu mjukuu wa yule aliebaki Gwadar anapakia maboksi na mie kwa viza ya miaka miwili miwili. Wanajuana, sikukuu wanaalikana, lakini jamaa wa wizarani hawezi kumpa pasi yake.

Sasa niambie msomaji mwenzangu, hiyo si habari ya mjomba wangu na mie hii? Mjomba alirudi Oman baada ya Qaboos kushika nchi Julai 1970 na kuwaita Waomani waliokuwa nje warudi, maana kabla ya hapo babake alikuwa hataki watu wa Zanzibar waingie ovyo hata baada ya yale yaliyotokea 1964. Waliowahi wakapata makaratasi na kazi, wengi walikuwa wamesoma na wanajua Kiingereza na nchi ilikuwa haina watu waliosoma. Waliochelewa, au mama zao waliolewa na watu wa kwetu, ndo sisi, tunakuja na kontrakti. Sisi tarehe yetu ni ya mapinduzi na ya Qaboos, wao tarehe yao ni ya mauzo. Hakuna katika sisi aliyechagua.

Na tena hao Mabulushi hawakuja Oman na janga la vibarua hili la sasa. Masultani wa Oman walikuwa hawaendi vitani bila Mabulushi. Hata baada ya Gwadar kuuzwa Oman iliendelea kuchukua askari kutoka Makran, na vita na waasi wa Dhofar, kusini ya Oman, vilivyoanza 1965 mpaka vikatangazwa vimekwisha 1975 kulikuwa na vikosi ambavyo askari wake wengi ni Mabulushi. Watu wamekufa katika milima ile kwa ajili ya nchi ambayo leo mjukuu wao anasimama foleni kurinyuu bataka. Na kwetu vile vile tumewaona. Seyyid Said alipoitwaa Mombasa kwa Mazrui mwaka 1837 waliowekwa kulinda Fort Jesus walikuwa Mabulushi, yule msafiri wa Kiingereza Burton alipotoka Unguja 1857 kwenda bara kutafuta maziwa walinzi aliopewa na Sultani ni Mabulushi, na wapo mpaka leo Mombasa, Tabora, hadi Rujewa kule Mbarali, Waswahili kamili hawa, ukimwambia mmoja arudi kwao atakuuliza kwao wapi.

Haya, nitaambiwa sasa nimewatetea Mabulushi, je makabila mengine ya Pakistan, Wapunjabi na Wapathani? Ni kweli hawa ni wageni wa kweli kweli, wa zama za mafuta. Hawana Gwadar wala Sultani. Wengi wamekuja baada ya 1970 Oman ilipoanza kujengwa, nchi ilikuwa na barabara ya lami kilomita 10 tu na skuli tatu, hizo flaiova na mahospitali tunayopigia picha mtu alimwaga zege lile, na aliemwaga hakuwa mjomba wangu wala wako. Leo ukiharibikiwa na gari utampeleka Wadi Kabir au Ghala na atakaeingia chini ya gari ni Mpathani wa Swat au Mpunjabi wa Sialkot. Kinyozi ni Mpakistani, fundi wa eisii ni Mpakistani, anaeshona dishdasha, kanzu ya Kiomani, ya Eid akiwa si Mhindi au Mbangali basi ni yeye. Ila teksi hapana, watu wanachanganya na Dubai, kule Dubai ukipanda teksi bahati yako ukikuta si Mpathani lakini Oman teksi za rangi ya chungwa na nyeupe ni za Waomani tu kisheria. Nasema hivi kwa sababu yule msomaji kaandika "madereva teksi wa Kipakistani wa Muscat", hapo ndo nikajua huyu Muscat kaiona kwenye simu.

Sasa tuje kwenye mshahara, maana hapo ana hoja nusu. Ni kweli mshahara wa kibarua wa Kipakistani mdogo na ni kweli unawavuta na wengine chini. Lakini nani kaushusha? Oman imeweka kima cha chini rial 325 tangu 2013 na kima hicho ni cha raia. Mgeni hana kima. Yani sheria yenyewe imemwambia mwenye kampuni, Muomani utamlipa si chini ya hapa, huyu mwengine mpatane. Ukishaweka mlango namna hiyo usimshangae anaepita. Ukimtoa Mpakistani kesho na ukamleta mtoto wa Zanzibar katika kiti hicho hicho, atalipwa hicho hicho, au kidogo zaidi kwa sababu yeye hana hata uzoefu wa kudai. Mimi nimeona kijana wa kwetu kakubali kiasi ambacho Mpunjabi alikikataa mbele yangu, na akafurahi.

Na kuna biashara ya viza ambayo sijui kwa nini hakuitaja, labda haijui. Mtu ana kampuni ya karatasi, ana mlango na kibao basi, anaomba kibali cha wafanyakazi, akikipata anakiuza kwa ajenti, ajenti wa Muscat anamuuzia ajenti wa Lahore au Peshawar, yule anamuuzia mkulima ambae kauza ng'ombe au kaweka rehani shamba. Wenyewe wanaita azad viza, yani viza huru, na uhuru wenyewe ni kwamba ukifika hakuna kazi. Asubuhi ukipita Hamriya mapema utawaona wamesimama wanangoja mtu aje na pikapu aseme nataka wawili wa kubomoa ukuta. Anafanya kazi kwa mtu ambae si kafili wake, yani bosi aliemdhamini viza, na hilo ni kosa, akikamatwa anaefungwa na kurudishwa ni yeye. Alieuza karatasi yuko zake nyumbani anakunywa kahawa. Halafu tunaandika magazetini kwamba Wapakistani wanavunja sheria za kazi.

Hata ukiwa na kazi ya kweli, mpaka juzi juzi ulikuwa umefungwa kamba. Tangu 2014 ukiacha kazi bila barua ya kafili ya kukuruhusu, ile NOC, huingii tena Oman miaka miwili, kwa hiyo bosi akikuchelewesha mshahara unanyamaza. Hiyo ilifutwa tarehe 1 Januari 2021, sasa kontrakti ikiisha unahama. Ni nafuu kubwa na nawashukuru, lakini kabla haijaisha bado uko mkononi mwake, na pasi za kusafiria kuna makampuni mpaka leo wanaziweka kabatini ingawa hairuhusiwi. Sikwambii kampuni gani.

Kitu ambacho natamani msomaji wetu angekiandika ni jinsi Pakistan walivyojipanga, kwa sababu wao hili jambo wamelifanya la serikali zamani. Wana idara yao ya uhamiaji wa kazi na sheria yake ni ya 1979, Mpakistani hatoki kwenda kufanya kazi nje mpaka kontrakti yake ipigwe muhuri na anaeitwa Protekta, ajenti lazima awe na leseni, na mfanyakazi anawekewa bima, akifa huku familia inapata kitu. Ubalozini wana ofisa kazi yake ni wafanyakazi tu. Wana skuli yao kubwa hapa Muscat na matawi mikoani, mtoto anasoma kwa mtaala wa kwao na akirudi hapotei. Sisemi mambo yote mazuri, huo muhuri nao unanunuliwa na maajenti wa azad viza wanajua njia za panya zote, huyo mwenzangu wa stoo alilipa deni la ajenti kwa muda mrefu kuliko kontrakti yake ya mwanzo. Lakini angalau pana mahali pa kwenda kulalamika pana jina na dirisha. Na serikali yao inawajali kwa sababu inajua wanailetea nini, mwaka wa fedha wa 2024/25 Wapakistani walioko nje walituma nyumbani zaidi ya dola bilioni 38, na nyingi zilitoka Saudia na Imarati na nchi hizi za Ghuba. Siku ya mshahara nenda Ruwi kwenye maduka ya kubadilisha hela, foleni inatoka mpaka njiani.

Nisije nikaonekana nawasifu tu. Nakaa nao, nawajua. Wanabaguana wenyewe kwa wenyewe vibaya sana, Mpunjabi hamtaki Mpathani, Mbulushi anasema yeye si Mpakistani kabisa mpaka akitaka paspoti. Wengine wanatudharau sisi weusi na wanadhani hatusikii, mie Kiurdu cha mtaani nakisikia vizuri tu. Ukipanga chumba na Wapunjabi sahau kulala mapema siku kuna mechi. Na maajenti wanaowaumiza zaidi ni Wapakistani wenzao, hilo wanalikiri.

Hiyo mechi nayo niiseme maana ndo kitu pekee Muscat kinachowaweka pamoja. Ijumaa kabla jua halijawa kali ukienda uwanja wowote wa vumbi utakuta kriketi, mpira wa tenisi umezungushiwa tepu ya umeme, makreti ndo wiketi. Kutoka kwenye watu kama hao, wanaofanya kazi maofisini na kucheza jioni, Oman imetoa timu ya taifa. Mwaka 2016 waliingia Kombe la Dunia la T20, kriketi ya mechi fupi, huko India na wakaifunga Ireland. Mwaka 2021 mashindano yenyewe yalianzia hapa Al Amerat, tarehe 17 Oktoba, nahodha wa Oman Zeeshan Maqsood aliezaliwa Punjab ya Pakistan akachukua wiketi 4, yani akawatoa wapigaji wanne, dhidi ya Papua New Guinea na Oman wakashinda kwa wiketi 10, yani bila mpigaji wao hata mmoja kutolewa, kazi ya kupiga wakaimaliza Aqib Ilyas na Jatinder Singh, mmoja mzaliwa wa Pakistan mwengine wa India, mataifa ambayo kwao hata viza hayapeani vizuri. Kifuani wana nembo ya jambia la Oman. Sheria mpya ya uraia ya 2025 inataka mgeni awe amekaa miaka 15 mfululizo na ajue Kiarabu kukisoma na kukiandika, kwa hiyo mtu anaweza kuipigania bendera kwenye televisheni dunia nzima na bado akawa mgeni kama mie.

Na msomaji wetu anaposema hawa watu "hawana uchungu na Oman" naomba akumbuke Julai 2024. Usiku wa kuamkia Ashura watu walikuwa wamekusanyika msikiti wa Imam Ali hapo Wadi Kabir, mtaa wa wafanyakazi, wengi wa waliokuwepo ni Wapakistani wa Kishia. Wakapigwa risasi kutoka jengo la pembeni. Waliuawa watu sita, Wapakistani wanne, Mhindi mmoja na askari polisi wa Oman mmoja, majeruhi zaidi ya ishirini. Wauaji wote watatu walikuwa ndugu na walikuwa Waomani, na kundi la Daesh, hao ISIS, likasema ni kazi yake. Nchi hii haijazoea mambo hayo, watu walilia. Siku zile sikusikia Mpakistani hata mmoja akisema Waomani ni magaidi. Walizika wenzao, na wale waliopaswa kuingia zamu waliingia zamu. Mie nilikuwa kwenye basi la kampuni asubuhi ile ile na lilikuwa limejaa.

Kwa hiyo ndugu msomaji ukitaka vijana wetu wapate kazi nzuri Oman, na mie nataka sana, andika barua kuuliza serikali ya Tanzania na ya Zanzibar kontrakti zetu anazikagua nani kabla hatujapanda ndege, na ajenti wa Darajani au Kariakoo akikimbia na hela ya mtu tunakwenda dirisha gani. Uliza kwa nini mgeni hana kima cha chini. Uliza viza wanauza kina nani. Huyo Mpakistani muache apakie maboksi yake.

Mhariri, kama nafasi ni ndogo kata hayo ya kriketi, ya Gwadar usiyakate. Na jina langu nimekuandikia pembeni ujue barua ina mwenyewe lakini nakuomba usilichape. Kafili wangu mamake kazaliwa Malindi Unguja, Kiswahili anakisoma kunishinda mie.

Msomaji wenu,
Ruwi, Muscat